Njia ya Maji Mlangilangini

Chake Chake, 12 Januari 2024

Kwa Ami yangu Talib,

Assalamu alaykum. Shikamoo Ami, na mkeo Bi Saada umpe shikamoo yake kwa jina, asiseme nimemsahau. Huku sote wazima, alhamdulillah. Mama magoti yanamtesa asubuhi, lakini akishapata chai yake hakuna wa kumkalisha. Kaka Hudhaifa kapata mtoto wa kike, wamemwita Nahla, na Mama anaapa kwamba pua ni ya marehemu Baba. Mimi sijaiona hiyo pua, naona duara dogo tu, lakini nimekubali.

Najua simu huisikii tena, ndiyo maana nampa Nyange barua hii. Kila mwezi yuko njiani baina ya Tanga na Pemba na biashara yake ya mikeka, na kaniahidi ataifikisha mkononi mwako.

Sasa neno langu. Ofisini, idara ya mipango miji, wamenipa kazi yangu ya kwanza ya kuongoza mwenyewe. Lile bonde la Mlangilangini, nyuma ya nyumba yetu ya zamani, linataka kufanywa uwanja wa mtaa. Unalikumbuka. Siku hizi ni vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua, na takataka nyakati zote. Mkuu wangu alifikiria ukuta, geti na sakafu ya saruji. Nikamwambia sakafu hiyo itachemka adhuhuri kiasi cha kukaanga samaki. Miye nataka kivuli, pahala kina mama wakae bila kutazamwa na kila mpita njia, watoto wacheze, na mvua ikinyesha maji yazame ardhini badala ya kuingia majumbani mwa watu.

Maji ndiyo yananitatiza. Wazee wanasema hapo zamani palipita kijito. Leo hakionekani, na kila mmoja ananionyesha pahala pake. Nimemuuliza Mama kilipita wapi, akajibu, "Muulize ami yako, yeye ndiye aliyefanya kazi pale." Basi nakuuliza fundi wangu: kijito kilikwenda wapi?

Mwanao,
Suhaila

*

Tanga, 3 Februari 2024

Mwanangu Suhaila,

Waalaykum salaam warahmatullah. Nyange kanikuta nimelala, akanitikisa bega kama anaamsha gogo. Bi Saada kakusomea dua ndefu na anauliza lini utakuja tena, maana tangu ulipomaliza chuo kitanda chako cha likizo kimekuwa cha kuanikia nguo. Hongera kwa Nahla. Pua ya Abrahman ilikuwa kubwa, mwambie mamaake amwombee Mungu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilipokuona unachora mapaa barazani kwangu, kila likizo, sikudhani utapewa Mlangilangini.

Nikupe niliyoyapata kwa mikono. Baraza la kukalia usilijenge juu, mtu mzima akikaa miguu ining'inie. Kimo chake kiwe magoti ya mamaako, na umpime kweli. Mawe yake yalaze kidogo kwa nyuma ili mvua isituame. Kabla hujajenga nenda bondeni saa kumi alasiri ukaone kivuli kinaangukia wapi, kwani watu watakuja saa hiyo, si saa mnayokwenda nyinyi na karatasi zenu. Mti wa mkungu, wa kivuli, panda mbali na ukuta. Mlangilangi panda mmoja karibu na wanawake, harufu yake itawaita wenyewe.

Usikubali geti. Pahala penye geti pana mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo ataanza kuchagua watu.

Masikio yangu ni yale yale. Fundi mwenzangu mmoja huku ananiandikia maneno kwenye ubao kwa chokaa, tunaelewana hivyo. Kazi bado nafanya, ndogo ndogo.

Msalimie mamaako sana.

Ami yako,
Talib

*

Chake Chake, 2 Machi 2024

Ami yangu mpenzi,

Salamu nyingi kabla Ramadhani haijatuingia. Mama kapimwa magoti! Alisimama sebuleni kama anashonewa nguo, akasema, "Andika vizuri, mtaa mzima utanikalia." Kimo tumekipata.

Nilikwenda bondeni saa kumi kama ulivyosema, siku nne mfululizo, na nusu ya mchoro wangu nimeuchana. Kisha nikafanya jambo ambalo mkuu wangu kaliona utoto. Niliwaita wakaazi, nikawapa kamba na chokaa, wachore wenyewe juu ya ardhi kila mtu anachokitaka. Ami, ungecheka. Vijana walizungusha kiwanja cha mpira kilichomeza bonde zima. Kina mama wakaja na kamba zao wakakikata katikati. Ikawa kelele, mpaka sheha, mkubwa wa mtaa, akasema watoke wote wanywe maji kwanza. Waliporudi walikubaliana: mpira chini kwenye ubapa, kina mama juu kwenye mteremko, na njia baina yao pana ya kupita mtu na mzigo wake kichwani. Sasa kila anayepita anaitazama ile chokaa kama nyumba yake inayojengwa.

Mmoja tu hakutaka kuchora. Bi Kazija, yule mwenye nyumba upande wa magharibi, mumewe Mzee Masika anatembea kwa mkongojo. Niliingia uwanjani kwao nikapiga hodi. Akaniuliza, "Weye mtoto wa nani weye?" Nikasema wa Abrahman, wa ukoo wa kina Talib fundi. Akaniangalia, akasema, "Ah," akaingia ndani akafunga mlango. Kuna nini, Ami?

Na kuhusu kijito hukunijibu. Labda umesahau, barua yako ilikuwa na mengi. Ardhi inainamia mashariki, nimeipima, kwa hivyo bwawa dogo la kukusanya mvua naliweka huko. Udongo tutakaochimba tutaupandisha magharibi, tuufanye tuta la kukalia. Tunaanza baada ya wiki mbili ili masika yatukute tumemaliza.

Nijibu upesi.

Suhaila

*

Tanga, 20 Machi 2024

Mwanangu,

Ramadhani karimu. Sisi tumefunga salama. Bi Saada kaugua mafua kwa siku mbili, sasa hajambo.

Kazi ya kuchimba msianze kabla ya masika. Ngojeni mvua ipite kwanza. Na upande wa magharibi msiweke udongo.

Nimekuchorea baraza nyuma ya karatasi hii, na vipimo vyake. Bi Kazija ni mtu mwema.

Talib

*

Chake Chake, 28 Aprili 2024

Ami Talib,

Assalamu alaykum. Mama hajambo. Nahla anakua. Idi tulisali vizuri.

Barua yako ya tarehe ishirini Machi imenifika juzi. Boti ya Nyange iliharibika, akakwama Tanga, Idi ikamkuta huko huko. Nimeisoma nimesimama ndani ya tope.

Tarehe ishirini na tatu mwezi huu mvua ilianza alfajiri, na kufika saa tatu asubuhi bonde lote lilikuwa limejaa. Bwawa langu la mashariki, nililolipima kwa chombo na kwa kamba, lilibaki na maji ya kuoshea miguu. Maji yalikuja magharibi. Yalitoka chini, Ami, yalibubujika kutoka ardhini kama chungu kilichochemka, yakalikuta tuta nililolijenga mimi, yakakosa pa kupita, yakarudi nyuma. Nyumba tatu ziliingia maji. Kwa Bi Kazija jiko lote lilielea. Nilimkuta Mzee Masika amekaa juu ya meza, mkongojo mapajani, na mkewe anachota maji kwa sufuria. Niliingia kumsaidia. Hakunifukuza. Tulichota pamoja mpaka adhuhuri. Wakati natoka akasema, "Mara ya pili hii," basi.

Miche yote tuliyopanda imekwenda na maji. Mkuu wangu kasema uwanja ufukiwe, umwagwe saruji, yaishe. Kanipa wiki sita nimwonyeshe njia nyingine. Na wakaazi waliochora kwa chokaa sasa wananiamkia kwa upole, kama mtu aliyefiwa, na huo upole unaniuma kuliko matusi.

Kosa la tuta ni langu, nimelikubali mbele ya sheha na mbele ya watu. Lakini weye ulijua. Hukusahau swali langu, ulilipita. Uliandika "msiweke udongo magharibi" kwa sababu unajua kilichopo huko. Miaka yote nimekuwa nikijiuliza kwa nini ami yangu hakuja hata kwenye maziko ya nduguye. Mama kila nikimuuliza anasema barabara mbovu, bahari chafu. Sasa siulizi hayo. Nauliza moja tu, kwa mara ya tatu: maji yanakwenda wapi?

Suhaila

*

Tanga, 15 Mei 2024

Mwanangu Suhaila,

Salamu zako zimefika zikiwa fupi, na ni haki yako.

Maji yanakwenda magharibi. Nitakuonyesha hatua kwa hatua, lakini kwanza nikwambie jinsi yalivyofichwa, maana miye ndiye niliyeyaficha.

Mwaka wa tisini na sita alikuja mkandarasi kutoka nje ya kisiwa. Kazi ilikuwa kukizika kijito ndani ya bomba la zege, kufukia juu na kulisawazisha bonde. Watu walifurahi, mbu wataondoka. Miye nilikuwa msimamizi wa mafundi, na nilikuwa najiona. Yalipoletwa mabomba nikaona ni madogo. Kipenyo chake mtoto wa miaka sita angekwama. Nilimwambia mkandarasi, akanijibu, "Haya ndiyo yaliyokuja. Unafukia au nimtafute mwengine?" Nikafukia.

Bi Kazija alikuwa akipita na ndoo yake. Alisimama, akatazama, akasema mbele ya vijana wangu, "Talib, masika yatapita kwenye tundu hilo?" Nikacheka. Nikamwambia, "Bi Kazija, weye pika, maji tuachie mafundi." Vijana wakacheka nao. Nilijua ana haki, Suhaila. Nilijua wakati nacheka.

Miaka miwili baadaye zikaja zile mvua kubwa. Ulikuwa na miaka mitatu. Bomba lilishindwa, maji yakapanda, ukuta wa nyumba ya Masika ukaanguka na yeye ndani. Mguu ulivunjika pahala pawili. Masika alikuwa mchumaji karafuu ambaye watu walikuja kumwomba awachumie kutoka mbali kama Wingwi, mkarafuu mrefu kwake ulikuwa kama ngazi ya nyumbani. Hakupanda tena. Nilikwenda kumwona hospitali, nikafika mlangoni, nikaona mguu wake umefungwa, nikageuka. Mwezi haujaisha nimepanda boti, nikamwambia kila mtu nimepata kazi Tanga. Kazi sikuwa nayo.

Baba yako alijua. Aliniandikia mara nyingi nirudi niseme. Alipokufa nilifunga mzigo wangu, nikafika bandarini. Nilimwona Masika ananingoja upande wa pili, na mkongojo wake, ingawa bila shaka hakuwepo. Nikarudi nyumbani. Hilo ndilo jibu la maziko.

Sasa chukua kamba. Simama kwenye pembe ya msikiti, pembe ya birika la kutawadhia, uso uelekee nyumba ya Bi Kazija. Hesabu hatua arubaini na mbili, hatua za mtu mrefu. Chimba hapo, kina cha kiuno. Utakuta bomba. Linakwenda sawa mpaka nyuma ya ukuta wake, kisha linapinda kuelekea mikokoni. Kona hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe, nadhani bomba limeziba hapo.

Usiweke bomba jengine hata kubwa. Kifukue kijito. Kiache juu ya ardhi kionekane, kipewe kingo za mawe zilizolala, na kando yake pawe na ubapa wa chini ambao masika yakija yatajaa hapo na kupungua yenyewe. Siku za jua vijana wacheze mpira humo humo. Kingo zishikwe kwa mchaichai, mizizi yake inang'ang'ania na kina mama watapata chai.

Barua hii isome kwa watu. Usinifiche.

Talib

*

Chake Chake, 9 Juni 2024

Ami yangu,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Mama kalia alipoisoma, kisha akaosha uso akaniambia, "Haya, nenda kahesabu hatua." Salamu zake anasema ni zile zile za siku zote.

Sikuanza na watu. Nilianza na Bi Kazija. Nilipiga hodi, akafungua, nikamwambia nina barua ya Ami Talib na inamhusu. Akamwita mumewe. Tulikaa watatu ukumbini, nikaisoma yote, hata pale pa "weye pika". Nilipofika kwenye mguu nikaishusha karatasi. Mzee Masika akaniambia, "Endelea, mwanangu, mguu wangu naujua."

Nilipomaliza Bi Kazija aliichukua karatasi akaitazama. Kisha akasema, "Miye nilijua siku ile ile. Mtu anayecheka kwa raha humtazama anayemcheka. Yeye alitazama chini." Akaendelea, "Miaka ishirini na sita nangoja aseme. Nyumba tulijenga tena, hiyo si kitu. Lakini kila nikisema maji yako hapa, watu wananiambia fundi mkubwa alishayamaliza. Nikawa mwenda wazimu wa mtaa."

Mzee Masika aliuliza tu kama bado unavuta sigara.

Kesho yake tulihesabu. Mimi hatua zangu fupi, kwa hivyo Bi Kazija akamleta jirani mrefu, na yeye mwenyewe akashika kamba. Kwenye arubaini na mbili vijana wa mpira wakachimba. Bomba lilikuwepo, Ami. Lilijaa mchanga na mizizi, pamebaki upenyo wa ngumi. Bi Kazija akainama, akachungulia, akainuka na kuwatazama majirani wote mmoja mmoja.

Barua yako ilisomwa baada ya sala ya Ijumaa, sheha mwenyewe aliomba isomwe. Siku ya pili watu themanini walitia saini zao chini ya mchoro mpya, kijito wazi, ubapa wa chini, mchaichai, kama ulivyoeleza. Mkuu wangu aliutazama mchoro, akazitazama saini, akasema, "Basi, saruji tuiache." Tunaanza baada ya Idi.

Pamebaki daraja dogo la mawe la kuvukia kutoka kwa Bi Kazija kwenda uwanjani. Nimemwambia nitamtafuta fundi mzuri. Akanijibu, na nakuandikia kama alivyosema: "Fundi yuko Tanga. Mwambie maneno yake nimeyapokea. Sasa alete mwiko."

Suhaila

*

Tanga, 30 Juni 2024

Mwanangu,

Idi mubarak. Bi Saada hajambo, kashona mapazia mapya.

Sigara niliacha. Mwambie Masika.

Niandikie upana wa kijito pale daraja litakapokaa, na kama mawe mnayotumia ni ya kuchimba au ya kuokota. Bahari mwezi huu si nzuri kwa mtu wa umri wangu, na huko watu watasema nami nisisikie wanasema nini.

Ubao wa kuandikia chokaa unapatikana Chake?

Talib

*

Chake Chake, 21 Novemba 2024

Kwa mwanangu Suhaila, huko Unguja,

Assalamu alaykum. Mamaako hajambo, nimemwacha anakunywa chai. Bi Saada, niliyekuja naye, kanizuia nisile urojo kila siku. Nahla kaanza kusimama, na ile pua ni ya Abrahman, hakuna shaka tena. Ulipoondoka kwenda kwenye ule mradi wa Unguja uliniambia nikuandikie vuli ikianza. Imeanza.

Jana ilinyesha tangu alfajiri. Nilitoka na mwavuli kabla ya chai, mamaako akanipigia kelele ambazo kwa bahati sizisikii. Nilisimama chini ya ukumbi wa msikiti. Kijito kilipanda, kikawa cha rangi ya maziwa na chai, kikafika ukingoni, kikamwagika kwenye ubapa wa mpira. Ulijaa mpaka nusu ya magoli. Nikawa nayahesabu mawe, jiwe moja moja. Maji yakafika jiwe la tatu la kingo za upande wa nyumba, yakasimama hapo. Hayakupanda zaidi. Mvua ilipokatika yakaanza kushuka, na alasiri ubapa ulikuwa umebaki na madimbwi tu. Watoto waliteremka humo kuteleza. Kina mama wakaja juu, wakafuta mabaraza kwa kanga zao, wakakaa. Kimo ni kizuri, mamaako kajisifu kwa kila aliyekaa.

Hakuna nyumba iliyoingia maji. Sheha kapita mlango kwa mlango kuuliza.

Sasa nikwambie la pili, ambalo nililificha ulipokuwepo. Tangu nilipofika Agosti nimejenga lile daraja, na Bi Kazija kanipikia chakula kila siku, lakini Masika hakuwahi kutoka ndani nikiwepo. Nami sikupiga hodi. Nilibeba mawe, nikajiambia ndiyo maneno yangu. Haikuwa kweli, ilikuwa ni kukimbia kwengine, kwa karibu zaidi.

Jana, maji yaliposhuka, mlango ulifunguliwa. Akatoka yeye, na mkongojo wake, mkewe nyuma yake. Alikuja mpaka kwenye daraja akasimama. Nikamwendea. Nikamwambia kwa mdomo wangu yale yote niliyokuandikia, la bomba, la kicheko, la mlango wa hospitali. Nikamwomba msamaha. Hakuna aliyenisaidia na ubao, kwa hivyo nilipomaliza nilimtazama midomo tu.

Kisha akachukua ubao wangu na chokaa. Anaandika polepole, kwa mkono wake mkubwa ule wa kuvuta matawi. Aliandika: "Na hili daraja umelipima?"

Nikamwambia, "Nimelipima mara mbili. Mara ya tatu kapima Bi Kazija."

Akafuta ubao kwa kiganja cha mkono. Akanipa mkongojo nimshikie, akaweka mkono wake begani kwangu, na tukavuka.

Ami yako,
Talib